Kabla Hujatuma Hela Kariakoo

Mtu wa Mbeya anaponunua kiatu mtandaoni, sehemu kubwa ya biashara hiyo haifanyiki mtandaoni. Picha ameiona Instagram au kwenye status ya WhatsApp, bei ameulizia inboksi, hela imekwenda kwa simu. Baada ya hapo kiatu kinapakiwa kwenye buti la basi pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, kinapanda mlima Kitonga, kinapita Igumbilo na Ipogolo ambako mizigo ya watu wa Iringa inashushwa, kinapita Makambako na Uyole, kisha kinamsubiri mwenyewe kwenye ofisi ya basi stendi ya Nanenane. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, Oktoba 2023, mzigo uliopakiwa jioni unaweza kuwa mjini kabla maduka hayajafunguliwa. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar hadi Mbeya, na karibu 500 hadi Iringa.

Umbali huo ndio unaobadilisha kila kitu. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kununua mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelipa kwa kadi ya benki, ananunua kwenye kampuni kubwa, na akikosea saizi anabandika karatasi kwenye boksi na kulirudisha. Mwanafunzi wa Mkwawa anayetafuta laptopu iliyotumika, au mama wa Mwanjelwa anayeagiza dazeni mbili za madera kwa ajili ya kuuza, hayuko katika dunia hiyo. Muuzaji wake ni mtu mmoja mwenye simu, pengine ana fremu Kariakoo, pengine hana. Kati yao hakuna mtu wa tatu.

Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Katika soko la mtandaoni lililokamilika, kuna anayekaa katikati ameshika hela mpaka mnunuzi aseme amepokea. Jumia ilijaribu kujenga soko la namna hiyo hapa nchini, ikafunga shughuli zake za Tanzania tarehe 27 Novemba 2019. Zipo programu kama Kikuu, ambako unalipa kwenye programu yenyewe, wala si kwa muuzaji mmoja mmoja, na ipo Jiji, ambayo kimsingi ni ubao wa matangazo: inakukutanisha na muuzaji, na yenyewe inakushauri usitangulize malipo kabla hujakiona kitu. Lakini kwa watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini, kununua mtandaoni maana yake ni kurasa za Instagram, Facebook na makundi ya WhatsApp. Hela inatangulia, mzigo unafuata. Ikishatangulia, nguvu yote iko upande wa pili.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi mwerevu si "bei gani?" Ni hili: kati ya sasa na wakati nitakapokishika hicho kitu mkononi, hela yangu itakuwa kwa nani?

Wauzaji wengi huandika "unalipia ukipokea". Soma mstari unaofuata, kwa kuwa mara nyingi huduma hiyo ni ya Dar peke yake: bodaboda anakuletea mlangoni Sinza, unakagua, unalipa. Wa mikoani wanaambiwa walipe kwanza, na sababu anayoitoa muuzaji ni ya kweli, maana karani wa basi kazi yake ni kusafirisha, hakusanyi hela za watu, na mzigo ukikataliwa Iringa muuzaji ndiye anayebaki na gharama. Sitaki msomaji aondoke akidhani kila anayedai malipo ya kutangulia ni tapeli. Wengi ni watu waaminifu wanaoogopa kupata hasara, kama wewe unavyoogopa. Isipokuwa hofu yao ina kinga, yako haina, na ni wewe utakayeitafuta.

Kinga iliyo bora kuliko zote ninazozijua haihitaji teknolojia. Ni ndugu au rafiki aliyeko Dar. Karibu kila familia ya Mbeya au Iringa ina mtoto, shemeji au jirani wa zamani anayeishi huko. Mwambie muuzaji: "Kaka, nitamtuma mdogo wangu apitie dukani, akikiona atalipa na atakipeleka stendi yeye mwenyewe." Jibu utakalopata litakufundisha mengi kuliko maoni mia moja yaliyoko chini ya picha. Mwenye duka atafurahi, atakuelekeza mtaa, jengo na ghorofa, tena atataka mdogo wako aje upesi kabla kitu hakijachukuliwa. Asiye na duka atakuwa na sababu: wanatuma tu, stoo iko mbali, leo wamefunga, bosi amesafiri. Ukimbana atakasirika. Acha akasirike. Mlipe huyo mdogo wako nauli yake na elfu chache za usumbufu. Bado umenunua usalama kwa bei nafuu.

Kama huna mtu, jaribu kugawa malipo. Kwa mtu unayenunua kwake mara ya kwanza, anza na kitu kidogo ambacho kikipotea hutaumia, hata kama ungependa kuagiza dazeni nzima. Kwa kitu cha bei kubwa, omba kutanguliza sehemu tu, iliyobaki uilipe baada ya kutumiwa picha ya risiti ya basi yenye jina lako, namba ya gari na simu ya ofisi ya mizigo, na baada ya wewe mwenyewe kuipigia ofisi hiyo. Usitumie namba aliyokupa muuzaji. Nenda kwenye ofisi ya basi hilo hapo Nanenane au Igumbilo, waulize namba ya wenzao wa Dar. Risiti za basi hughushiwa, na picha ya risiti moja inaweza kutumwa kwa watu kumi kwa kubadilisha jina tu.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapa mnunuzi wa Tanzania ana silaha ambayo wanunuzi wa nchi nyingi hawana. Laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Ukituma hela kwa simu, kabla muamala haujakamilika unaoneshwa jina la anayepokea. Jina hilo ni la mtu aliyeweka kidole chake. Sasa angalia muuzaji anavyoandika: "Tuma kwenye namba hii, jina litatokea la fulani." Ukurasa unaitwa kwa jina la dada, sauti kwenye simu ni ya kaka, na jina linalotokea ni la mzee ambaye hakutajwa popote. Ataeleza kwamba ni mhasibu, ni mjomba, ni laini ya dukani. Inawezekana. Lakini laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote ndizo nyenzo kuu ya utapeli nchini, na mzee huyo pengine ni mkulima aliyeombwa kidole mara mbili na msajili wa laini akiambiwa cha kwanza hakikushika. Jina likitofautiana na ukurasa, simama hapo hapo. Kwa faida yako mwenyewe, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Heri Lipa Namba kuliko namba ya mtu binafsi. Inaonesha jina la biashara, na aliyeipata amejiandikisha kama mfanyabiashara, kwa hiyo kuna mahali pa kuanzia kumtafuta. Haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Ila muuzaji anayejitangaza kuwa na duka kubwa Kariakoo, halafu anasisitiza utume kwenye namba yake ya kawaida "na ya kutolea", hajanipa sababu ya kumwamini.

Kuhusu ukurasa wenyewe nitasema machache, kwa sababu idadi ya wafuasi, ambayo watu huitazama kwanza, ndiyo isiyo na maana: wafuasi hununuliwa. Kwenye Instagram bonyeza jina la ukurasa, ufungue sehemu inayoeleza kuhusu akaunti hiyo. Utaona imefunguliwa lini, na mara nyingi utaona kama imewahi kubadilisha jina. Facebook nayo inaonesha majina ya zamani ya ukurasa. Ukurasa ulioanza kama wa vichekesho au wa mpira, ukageuka wa simu za iPhone mwezi uliopita, umenunuliwa au umeibwa. Maoni yaliyofungwa ni alama mbaya. Picha nzuri kupita kiasi, zenye mandhari ya dukani Ulaya, si za mzigo huo. Omba video fupi: akishike kitu hicho, akizungushe, ataje jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo anaifanya kwa dakika moja.

Tuseme muuzaji ni wa kweli, kama walivyo wengi. Bado asilimia kubwa ya maumivu haiko kwenye wizi. Iko kwenye kiatu namba 41 kinachobana kama 39, jaketi la mtumba lililoandikwa gredi ya kwanza likafika na zipu iliyokufa, blanketi lililoonekana zito kwenye picha na kumbe ni jepesi. Msimu wa baridi ya Juni na Julai, wakati Mbeya, Mufindi na Makete zinatetemeka, ndipo makoti na mablanketi yanapouzwa kwa kasi mitandaoni, na ndipo malalamiko ya namna hii yanaposikika kila stendi. Muuzaji wa Dar anayesema "jaketi zito" anapima uzito kwa hali ya hewa ya Dar.

Hapa sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba kitu kinapouzwa kwa maelezo, ni sharti kilingane na maelezo hayo. Kununua mtandaoni ni kununua kwa maelezo karibu siku zote: hukukiona, uliamini picha na maneno. Aliyekuandikia kwamba simu ina GB 128 akakuletea ya 64 amevunja mkataba, hata kama ukurasa wake una maandishi mekundu ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Hilo linamhusu hata muuzaji wa kwetu. Anayeuza mchele wa Usangu kwa jina la mchele wa Kyela kwa wateja wa Dar anawauzia kitu tofauti na alichokitaja, hata kama mchele wa Usangu ni mtamu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe kwa usahihi: jina, anuani, na namna ya kumpata. Kwa maneno mengine, ukimuuliza muuzaji duka lako liko wapi na jina lako kamili nani, si ufidhuli. Unamkumbusha wajibu wake.

Lakini lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wanunuzi huyachanganya, kisha wakaona wameonewa. "Hiki sicho nilichoagiza" ni dai. "Nimekiona, sijakipenda" ni dai gumu kulisimamia, isipokuwa muuzaji alikubali mapema kwamba unaweza kurudisha. Rangi iliyopendeza kwenye kioo cha simu na isiyokupendeza juani huenda ikawa hasara yako. Kwa hiyo jambo la kufanya ni kuzungumza kurudisha kabla ya kulipa, wakati muuzaji bado anakutafuta. Mwandikie, usimpigie, ili yabaki maandishi: "Dada, kisiponitosha nabadilisha ndani ya siku ngapi? Nauli ya kukirudisha Dar nani analipa? Na ya kuniletea kingine?" Maswali matatu tu. Nauli ndiyo inayomaliza watu. Tuseme kiatu ni cha elfu 25 na kila safari ya basi ni elfu 5. Kukileta, kukirudisha na kuletewa kingine ni elfu 15, zaidi ya nusu ya bei ya kiatu. Wengi hukata tamaa hapo, wakampa mtoto wa jirani. Kama muuzaji hakubali kugharamia safari yoyote hata pale kosa ni lake, bei yake si ile aliyoitaja.

Saizi usiikubali kwa namba. Namba za viatu za Ulaya, Uingereza na China hazilingani, na nguo za mtumba zimetoka kila mahali. Mwombe aweke futi kamba juu ya kitu, apige picha: soli ya ndani ya kiatu kwa sentimita, upana wa jaketi chini ya makwapa, urefu wa mkono. Kisha pima kiatu chako kinachokutosha vizuri, ulinganishe. Picha hiyo ni sehemu ya maelezo aliyokupa. Kitu kikija tofauti, dai lako limesimama.

Kwa simu za mkononi kuna hatua ya ziada. Kabla ya kulipa, omba namba ya IMEI, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, na uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya aina gani. Ikiwa tangazo linasema Samsung na jibu linataja kitu kingine, au halitambui kabisa, umeokoa hela yako. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na si jambo la kumtokea mtu aliyekopa VICOBA kununua simu. Simu iliyotumika iuliziwe pia risiti yake ya kwanza, kwani anayekutwa na simu ya wizi ndiye atakayeanza kujieleza kituoni.

Siku ya kupokea, usiwe na haraka. Ofisi ya mizigo ina foleni, karani anataka usaini uondoke. Kabla hujasaini, tazama kama utepe umefunguliwa na kubandikwa upya, kama boksi limelowa au limebonyea. Kisha lifungue pale pale mezani, huku mtu akirekodi kwa simu bila kukata, kuanzia jina lako lililoandikwa juu hadi kitu cha mwisho kutoka ndani. Video iliyopigwa nyumbani kesho yake haimshawishi mtu, kwa kuwa muuzaji atasema umebadilisha, kampuni ya basi itasema ulipokea salama. Kitu cha kuvunjika kiandikwe hivyo tangu Dar, na thamani yake itajwe kwenye risiti. Risiti isiyotaja kilichomo ndani haikusaidii kitu Kitonga ikileta balaa.

Na kama mambo yameharibika? Mwendo unategemea uliyeingia naye kwenye biashara. Ikiwa ni tapeli, saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, taja namba ya muamala, omba uzuiwe. Ikiwa hela bado haijatolewa, kuna nafasi, ikishatolewa kwa wakala nafasi imepungua mno. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu, na yapige picha upesi, maana mwenzako anaweza kuyafuta upande wake. Ripoti namba hiyo kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kuripoti utapeli. Taarifa za TCRA za robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa laini, na Rukwa ni jirani yetu kabisa. Laini hufungwa kwa sababu watu wameripoti. Kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa namna hii kuwa ni jinai, na hata kiasi kikiwa elfu 30, RB yako inaweza kuungana na za wengine waliolizwa na namba hiyo hiyo.

Jihadhari na wimbi la pili. Mtu akilalamika hadharani kwamba ametapeliwa, hutokea mwingine ndani ya muda mfupi akisema ni wa huduma kwa wateja, au ana kijana wa kurudisha miamala, anachohitaji ni ada kidogo au namba yako ya siri. Huyo ni mwenzake yule wa kwanza, au ni yeye mwenyewe.

Ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara halisi anayekataa kurekebisha kosa lake, polisi si mahali pa kuanzia. Mwandikie kwanza barua au ujumbe wenye tarehe, eleza ulichoagiza, ulichopokea, unachotaka, na umpe siku za kujibu. Asipojibu, Tume ya Ushindani, FCC, ina ofisi ya kanda jijini Mbeya, na malalamiko ya mlaji ni kazi yake. Shirika la Viwango, TBS, nalo lina ofisi ya kanda hapo hapo kwa bidhaa zisizo na ubora. Aliyeko Iringa hahitaji kupanda basi kwenda Mbeya ili asikilizwe, anaweza kuandika. Anachohitaji kuambatanisha ni tangazo lenyewe kama lilivyokuwa siku aliponunua, mazungumzo, ujumbe wa muamala, risiti ya basi na ile video ya mezani. Tangazo ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo la kwanza kufutwa na muuzaji, kwa hiyo lipigwe picha siku ile ile ya kulipa, bei na maelezo yake yote yakionekana.